Kompyuta iliyougua kwa Kifini

Saa mbili na nusu asubuhi, Kavira Mutsuva ameketi mbele ya kompyuta ya mtu mwingine na hafanyi lolote. Mikono yake imetulia mapajani. Macho yako kwenye skrini ya buluu, na midomo inacheza taratibu kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Anatamka silabi moja, anasita, anatamka nyingine. Lugha anayoisoma haijui hata kidogo.

Kwenye benchi nyuma yake, mteja wake, Léontine Uyirwoth, ameanza kuishiwa subira. Amekuja kwa pikipiki kutoka Mudzi-Pela, vumbi jekundu lingali viatuni, na kwa jinsi anavyoona, fundi huyu naye hajui kazi.

"Dada, bonyeza basi kitu," anasema. "Bengine bote balikuwa banabonyeza."

"Ni vile njo balishindwa, Mama," Kavira anajibu bila kugeuka. "Acha kwanza nisome."

Kibanda chake kiko mtaa wa Nyakasanza, mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, kimebanwa kati ya saluni na duka la samaki. Ndani mna meza mbili: moja yake, nyingine ya Rémy, fundi mwenzake anayelipa nusu ya kodi na kuongea maradufu. Wanatengeneza simu, printa, redio ikibidi, lakini zaidi kompyuta. Wiki nzuri humwachia Kavira dola arobaini baada ya kodi na umeme. Wiki mbaya hazungumzii.

Ana miaka thelathini na minne. Alizaliwa Butembo na kuletwa Bunia akiwa msichana, wazazi wake walipohamishia huku biashara yao ya sabuni na vitunguu. Kabla ya ufundi alichapa barua na maombi ya kazi za watu katika ofisi ya uchapaji karibu na soko kuu. Vidole vyake huruka juu ya kibodi bila yeye kutazama. Ajabu ni kwamba fundi mwenye vidole vyepesi hivyo ndiye mzito kuliko wote kubonyeza.

Wateja wengi hawalipendi hilo. Mjini humu ufundi wa kompyuta una dawa moja kubwa, nayo ni kufomati. Mashine ikikohoa, inafomatiwa. Ikichelewa kuwaka, inafomatiwa. Kila kitu kinafutwa, mfumo mpya unawekwa, mteja anarudishiwa mashine inayong'aa na isiyomkumbuka.

Léontine hawezi kuinywa dawa hiyo, na ndiyo maana yuko hapa.

Yeye ni mshonaji na mdarizi, Mualuri kutoka upande wa Mahagi. Karakana yake ina cherehani ya kudarizi, ile inayojiendesha kwa kufuata mchoro unaotoka kwenye kompyuta. Mabibi harusi wa Bunia wanamjua kwa jambo moja: hajawahi kuwapa mabibi harusi wawili ua la aina moja. Kila ua amelichora mwenyewe, kisha programu maalumu hulibadilisha kuwa mishono. Programu hiyo aliinunua Kampala pamoja na cherehani. Muuzaji alikwisha kufunga duka, namba ya kufungulia programu ilikwenda naye, na mpya inauzwa dola elfu moja na mia mbili.

"Maua yangu yote iko," anasema Léontine. "Rémy alitoaka disque, akanionyesha. Lakini bila ile programme, cherehani haiyasome. Ni kama niko na barua na sina macho."

Balaa lilianza umeme ulipokatika wakati kompyuta ikijisasisha. Tangu hapo, kila ikiwashwa inasema inajitengeneza, inazunguka, inazima, inawaka, inasema tena inajitengeneza. Mafundi wa kwanza wakasema ifomatiwe. Léontine akakataa. Wa pili wakasema hivyo hivyo. Karakana ina wasichana wanne waliokimbia vita vijijini Djugu, wanajifunza kazi na kula kwa kazi hiyo. Alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba mwezi ukiisha, huenda akafunga.

"Niliwaambia nikiangalia chini," anasema. "Mumoja akaniuliza kama anaweza kubakia kufagia tu. Nilitoka inje, nikalia."

Hapo ndipo mtu ambaye si fundi anapaswa kujua siri ndogo ya mashine hizi. Kompyuta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na chumba kidogo kilichofichwa ndani ya diski. Mwenye mashine hakioni, hahifadhi kitu humo, na pengine ataizeekea bila kujua kipo. Ndani yake mna zana za mashine kujitibu: kukagua mwasho wake, kurudisha mfumo ulivyokuwa kabla ya ajali, na ikishindikana kabisa, kuanza upya. Mfumo ukianguka, mashine hujikokota hadi kwenye chumba hicho na kungoja mtu aingie kuisaidia.

Mafundi walikuwa wameingia. Wote waligota kwenye mlango wa pili, ule unaodai nenosiri. Léontine aliandika nenosiri lake, mashine ikakataa. Akaandika tena, polepole, kidole kimoja, ikakataa. Wakaamua amelisahau.

Hilo linamuuma kuliko mengine. "Nisahau namna gani?" anauliza, sauti ikipanda. "Ni jina la kwetu! Mutu anasahau kwabo?"

Nenosiri lilikuwa "mahagi", kwa herufi ndogo. Siku hizi amelibadilisha, ndiyo maana ameruhusu liandikwe gazetini.

Kavira alimwamini. Sababu anayoitoa si ya kiufundi: mwanamke anayekumbuka ua la kila bibi harusi hawezi kusahau herufi sita. Kwa hiyo, badala ya kuuliza mama huyu amekosea wapi, akaanza kujiuliza mashine imesema nini ambacho hakuna aliyekisikia.

Na kweli ilikuwa imesema. Kabla ya mlango wa nenosiri kuna skrini nyingine, yenye mstari mmoja juu na orodha ndefu chini. Rémy alipoijaribu mashine hii aliivuka kwa kidole kimoja, kama walivyofanya wenzake wote. Haikuwa Kifaransa, haikuwa Kiingereza. Mstari ulianza na neno "Valitse", na yaliyofuata yalijaa vitone juu ya herufi.

Kwa nini hakuna aliyesimama kuuliza? Rémy ni mtu mkweli, na anacheka anapojibu.

"Kliyan, mwenye mashine, iko nyuma yako, anakuangalia," anasema. "Ukisimama, atasema huyu hajue. Basi unabonyeza mbio mbio, unafanya sura ya mutu mwenye kujua. Siye bote tunafanyaka vile."

Kavira anatoa simu, anaielekeza kamera kwenye skrini, anangoja intaneti isuesue hadi tafsiri itokee. Lugha ni Kifini. Mashine inauliza swali jepesi kupita yote: unatumia kibodi gani?

Anaitazama kibodi. Kompyuta nyingi za Bunia ni mitumba. Zinatoka Ulaya, zinapitia Uganda, na zikifika hubandikwa vibandiko vyenye herufi kwa mpangilio wa Kifaransa, maana ndio watu wa huku waliojifunza. Skrini nayo hupewa Kifaransa. Muuzaji wa mashine hii aliipamba vizuri mno hata Léontine, baada ya miaka sita, hakujua kama ilizaliwa Ufini.

Kavira anaingiza ukucha chini ya kibandiko cha M na kukibandua. Chini yake hakuna M. Kuna O iliyovishwa vitone viwili.

Anabandua A. Chini yake kuna Q.

Anapiga makofi mara moja, kwa sauti, na msichana wa saluni anachungulia mlangoni kuona kuna nini.

"Mama! Hukusahau kitu!" anasema. "Weye ulikuwa naandika Mahagi, mashine inasoma öqhqgi!"

Léontine anashika kifua. Kisha anacheka, kicheko cha mtu aliyesingiziwa kwa muda mrefu na leo ameachiwa huru.

Kifaransa cha ile kompyuta, Kavira anaeleza, kilikuwa kwenye mfumo tu. Chumba kile cha siri muuzaji hakukigusa. Kilibaki na lugha na kibodi ya kilikotoka. Mashine ikiwa nzima inazungumza lugha ya mwenyeji. Ikizidiwa, inarudi kwao.

"Mie nasoma mu français, nauzisha mu Kiswahili," anasema. "Lakini nikipata malaria, mama anasemaka naongea Kinande tupu, lugha ya kwetu, hata nikiitwa mu Kiswahili siitikie. Kwa nini mashine isifanye vile?"

Kwenye orodha anatafuta neno la Kifini lenye maana ya Kifaransa, analipata, analichagua. Mlango wa nenosiri unakuja. Anamsogezea Léontine kompyuta, na Léontine anaandika jina la kwao. Mlango unafunguka.

Kazi ndiyo kwanza inaanza. Ndani ya chumba mna chaguo kadhaa, zote kwa Kifini, na mbili zinafanana kama mapacha. Moja hurudisha mfumo ulivyokuwa siku chache kabla ya ajali bila kugusa kazi za mtu. Nyingine huirudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani, na programu zote kwaheri.

"Ile ya juu," anashauri Rémy kutoka meza yake. "Bonyeza ile ya juu."

Kavira anaitafsiri ya juu. Ndiyo ile ya kiwandani. Rémy anajifunika uso kwa kitambaa cha kufutia skrini, na wote watatu wanacheka, ingawa Léontine anacheka huku akimkodolea macho.

Anaichagua ya chini, lakini hathibitishi. Safari hiyo ya kurudi nyuma ikishaanza haipaswi kukatishwa, betri ya kompyuta ilikufa zamani, na umeme wa mtaa huu huenda na kurudi upendavyo. Umeme ukikatika katikati, wanaweza kupoteza hata kile kilichobaki.

Umeme wa uhakika uko jirani, kwa Mama Suzanne, ambaye hawezi kuacha samaki wake wa Kasenyi waoze na kwa hiyo ana paneli, betri kubwa na jenereta. Kompyuta inazimwa na kubebwa kama mtoto mchanga hadi juu ya friza. Kavira anapitia milango yote upya: Kifini, kibodi, jina la kwao, chaguo la chini. Anathibitisha.

Kisha wanangoja. Harufu ya samaki ni kali na wateja wanauliza bei ya sangara wakielekeza kidole kwenye kompyuta. Umeme wa mtaa unakatika, unarudi, unakatika tena. Friza inaendelea kunguruma. Léontine ametoa rozari.

"Nilikuwa na woga," Kavira anakiri. "Ningekosa, ningemwambia nini? Nirudie kusema formatage kama bengine?"

Skrini inakuwa nyeusi. Inakaa nyeusi muda mrefu kuliko mtu yeyote pale anavyopenda. Halafu neno linatokea katikati, la Kifaransa: *Bienvenue*.

Léontine anainama, anabofya kialama cha programu yake, na programu inafunguka bila kudai namba. Ua la bibi harusi wa mwisho liko pale pale alipoliachia, nusu limechorwa. Anampigia karakanani yule msichana aliyeomba kufagia.

"Hapana kufagia," anasema kwenye simu, machozi yakishuka. "Weka uzi mu cherehani. Nakuya."

Kavira alimtoza dola kumi, bei yake ya kawaida. Léontine alilipa, akaona haitoshi, akamuuliza anataka udarizi gani. Kavira alifikiri siku kadhaa, kisha akampelekea maneno badala ya maua.

Kitambaa hicho sasa kinaning'inia ukutani Nyakasanza, cheupe, kipana kama meza. Kimedariziwa kila chaguo la chumba cha siri, kwa mpangilio wake, na maana yake kwa Kiswahili cha Bunia. Uzi ni wa buluu, isipokuwa mstari mmoja mwekundu: "HII INAFUTA BYOTE." Wasichana wanne walikata nyuzi zake za ziada mmoja mmoja.

Mafundi wa mitaa mingine wameanza kupita kibandani. Wanadai wamekuja kusalimia, wanasimama wakiutazama ukuta muda mrefu kupita salamu yoyote, wanaondoka. Mmoja alikipiga picha akijifanya anajipiga yeye mwenyewe.

Kavira anataka kuanzisha mafunzo, Jumamosi mchana, bure, kwa fundi yeyote wa Bunia, na Léontine ameahidi kumdarizia kila atakayemaliza kitambaa chake. Chumba cha parokia kimepatikana. Viti vipo. Anachohofia ni kimoja: kwamba hakuna atakayekuja, kwa kuwa kuingia pale mchana kweupe ni sawa na kukiri mbele ya mji mzima kwamba hujui.

"Nimeisha kuona namna ya kufanya," anasema. "Siku ya kwanza, mie mwenyewe nitasimama mbele, na kliyan bakuwe palee, banisikie. Nitaonyesha mashine, nitasema: hapa sijue. Nikisema vile na nisikufe, bengine nabo batasema."