Asumini ya Kiguu na Njia

Majirani walimwita Kiguu na Njia, na wala hawakumsingizia. Fundi cherehani huyu hakupata kukaa nyumba moja mpaka akajua bati lipi linavuja. Mara jirani ana kelele, mara maji yana harufu, mara hakuna sababu yoyote ila miguu inamuwasha. Mumewe, fundi viatu, mtu wa maneno machache, alikuwa akifunga mizigo bila kuuliza.

Katika kuhama kote huko hakuisahau asumini ya marehemu mama yake. Aliing'oa kwa mikono yake siku ndugu zake walipouza nyumba ya mama, na tangu hapo hakuna nyumba iliyomtosha. Aliipanda kwenye ndoo ya rangi, jua likaipasua ndoo. Akaitia kwenye debe, kutu ikalila debe. Kisha akahadaika na mtungi, tumbo kubwa mdomo mwembamba, bila kuwaza mti utatokaje. Siku ya kuhama wabebaji wakaugomea ule uzito, ikabidi mtungi uvunjwe kwa nyundo, na nusu ya mizizi ikaenda na vigae.

Sasa asumini ilikuwa inapukutisha majani, naye hapati usingizi. Akaenda kwa muuza vyungu, mwanamke mcheshi mwenye vumbi la saruji hadi kwenye nyusi.

"Nataka kinachodumu, lakini kiwe chepesi."

"Ukikipata hicho, dada, niletee na mimi! Cha plastiki utakibeba kwa kidole, lakini jua litakimong'onyoa kama biskuti. Cha udongo, gonga kwanza usikie."

Akagonga. Kimoja kikalia vizuri, cha pili kikatoa sauti ya kukohoa, kumbe kina ufa. Akagonga safu nzima, akarudia cha kwanza, akachungulia tundu la kutolea maji, akaghairi, akaanza upya.

"Mchagua nazi hupata koroma," muuza vyungu akamwambia. "Mti wenyewe una hali gani?"

Akaeleza yote, hadi ile nyundo. Mwenzake akaacha kucheka.

"Basi uhamishe mara hii tu. Ukiugusa tena, dada, unauchimbia kaburi."

Maneno yale yalimchoma. Akachagua cha saruji, kipana mdomo, kinene ubavu, ambacho wanaume wa mkokoteni walikishusha uani kwake huku wakimlaani kimoyomoyo. Akapanda asumini, akamwagilia, akalala.

Asubuhi miguu ikaanza kumuwasha. Mtoto wa jirani alikuwa analia, na yeye tayari anawaza nyumba ile ya ng'ambo ya barabara. Akakisukuma chungu, eti akisogeze juani kidogo. Hakikutikisika. Akasukuma kwa nyonga, kwa bega, machozi yanamtoka.

Ko, ko, ko, ikasikika ndani. Akakimbilia huko. Mumewe alikuwa juu ya kigoda, anapigilia msumari ukutani. Sanduku lake la vifaa, ambalo miaka yote lilikaa limefungwa kamba, lilikuwa wazi.

"Mume wangu, unafanya nini?"

"Natundika vifaa vyangu." Hakugeuka. "Jana nilipoona chungu kile kinashushwa, nikasema, alhamdulillahi, mke wangu amefika."

Mkewe alikuwa na la kusema juu ya yule mtoto wa jirani. Akalimeza, akainama, akamwokotea msumari mwingine.