Habu ya Sabuni

Kabla sijasema lolote kuhusu habu, nikiri kwanza jambo ambalo wakati ule sikumwambia mtu: nilikuwa naogopa kuipanda sketibodi yangu.

Niliiunda mwenyewe kwa miezi minane, nikijifunza kwenye video za simu, katika kona ya stoo ya mama mdogo kule mtaa wa Gerezani. Mama mdogo anauza sabuni kwa jumla Kariakoo, na mimi nilikuwa mtu wake wa stoo. Katoni zilikaa upande mmoja, mimi na mota na betri zangu upande wa pili. Ubao ulikuwa tayari, mota inazunguka, rimoti inaitika. Kilichobaki ni kusimama juu yake na kuondoka. Kila nilipofika hapo, nilikuta skrubu moja haijakaa sawa. Nafungua yote, naanza upya. Watu walisema huyu kijana anapenda kazi safi, nami niliwaacha waseme.

Magurudumu ndiyo yaliyonipa kisingizio kikubwa kuliko vyote. Yalikuwa madogo, ya plastiki, na barabara zetu zina mashimo ya kuyameza mazimamazima. Nikaamua kufunga matairi ya upepo, yale ya toroli la kubebea mizigo. Lakini tairi la toroli haliwezi kukaa kwenye ekseli ya sketibodi mpaka upate habu yake, yaani kile kipande cha katikati: kwa nje kinashika tairi, kwa ndani kinashika beringi. Habu ya namna hiyo huipati Kariakoo nzima. Nilizunguka siku mbili kuhakikisha kwamba haipo, na nilipohakikisha nikalala usingizi mzuri.

Mama mdogo akaniamsha. Mzigo mpya wa sabuni ulikuwa unakuja na aliitaka kona yake.

"Hilo libao linatembea au halitembei?"

"Linatembea, mamdogo. Bado habu tu."

"Bado. Tangu Pasaka bado." Akafikiri kidogo. "Jumamosi ijayo, katoni moja itoke stoo ifike dukani juu ya hilo libao. Ikifika, kona ni yako, sitaisema tena. Isipofika, naweka sabuni, na mota zako utazipeleka kwa mama yako Moshi zikachunge ng'ombe."

Nilikuwa nalala chumba kimoja na binamu zangu wawili. Katika mji huu mzima, kona ile ndiyo ilikuwa sehemu pekee ambapo niliweza kuacha skrubu mezani na kesho yake nikaikuta palepale. Sikuwa tayari kuipoteza. Sikuwa tayari kupanda ubao pia.

Mtaa wa pili kutoka stoo kulikuwa na mzee mmoja wa Lindi, fundi wa kukereza vyuma. Nilimpelekea mchoro wa kurasa tatu, kalamu za rangi tatu, vipimo hadi sehemu ya mia ya milimita.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Akaugeuza mchoro juu chini, akauweka chini ya kikombe chake cha chai. "Sampuli iko wapi?"

"Sampuli hakuna. Ni kitu kipya, hakijawahi kuwepo."

"Sasa kitu hakijawahi kuwepo, nitakikereza vipi?"

"Vipimo vyake hivyo hapo."

"Vipimo vya nini?"

"Vya hicho kitu."

"Basi kilete, injinia, nikipime mwenyewe."

Nilijaribu kuichonga sampuli kwa mbao, ikapasuka. Nikakaa stoo nikiwa nimeshika kichwa, na mbele yangu katoni za sabuni ya mche zimepangwa mpaka darini. Nikachomoa mche mmoja kwenye katoni ya karibu bila kumuaga mtu. Kwa siku mbili niliuchonga kwa kisu, nikipima kwa venia, ile rula ya chuma yenye taya, kila baada ya kukwangua kidogo. Kisu kiliteleza mara moja kikaacha pengo ukingoni, nikakosa usingizi kwa ajili ya pengo hilo. Lakini tundu la katikati lilikuwa safi kabisa. Beringi iliingia kwa kubembelezwa, ikakaa.

Fundi aliipokea, akainusa. "Hii ya kufulia."

"Ndiyo, fundi."

"Njoo Ijumaa."

Ijumaa nilikuta habu nne za alumini zimepangwa kwenye kitambaa, zinang'aa. Kila moja ilikuwa na pengo ukingoni, limepigwa tupa kwa uangalifu mkubwa, palepale kisu changu kilipoteleza.

"Fundi, hili pengo lilikuwa kosa."

"Umeniletea yenye pengo, nimekupa yenye pengo."

Nikatoa beringi. Haikuingia. Nikajaribu ya pili, ya tatu. Nikapima habu, nikapima sampuli, na sampuli haikuwa tena ile niliyoileta. Ilikaa siku nne kando ya mashine, kwenye joto, ikakauka na kunywea. Fundi alikuwa ameifuata kwa uaminifu ikiwa imeshanywea. Na mimi nimekulia kwenye sabuni za mama mdogo. Tangu nikiwa mdogo najua kwamba mche ukikaa sana rafu ya juu unapungua. Mpaka leo najiuliza kama kweli nilisahau.

Maana sikusikitika. Nilihisi kifua kimefunguka. Nikavaa sura ya msiba, nikasema taratibu, "Basi fundi, ndiyo imeharibika. Hakuna namna."

"Nani kakwambia imeharibika? Tundu likiwa dogo linaongezwa. Lingekuwa kubwa, hapo tungelia wote. Lete beringi."

"Na kwa nje? Tairi si litalegea?"

"Tairi la upepo ukilijaza linajibana lenyewe. Lete beringi, bwana."

Alimaliza habu zote nne chai yake ikiwa bado inatoa moshi. Beringi zilizama kwa kusukumwa na kiganja. Sijawahi kuona kazi nzuri namna ile ikanihuzunisha. Akanirudishia sampuli. "Chukua na sabuni yako ukaoge."

Nikaitia mfukoni, na humo ilikuwa bado asubuhi ya Jumamosi, nilipofunga katoni ya sabuni juu ya ubao kwa kamba. Nikaweka mguu mmoja. Nikautoa. Nikaweka mwingine. Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya mama mdogo vizuri: katoni ifike juu ya libao. Kuhusu mimi hakusema kitu.

Nikafunga kamba nyingine kwenye pua ya ubao. Mkono mmoja rimoti, mkono mmoja kamba, nikaiongoza sketibodi barabarani kama mtu anayepeleka mbuzi mnadani.

"Oya, huyo mbuzi anauzwa?" aliuliza mchukuzi mmoja mwenye mkokoteni.

"Hauzwi, kaka."

"Mwambie basi apige hatua, tuna mizigo huku."

Mama mmoja aliyekuwa anapanga ndoo zake za plastiki akasema, "Mwacheni. Bado wanazoeana."

Lakini niliziona habu zangu zikifanya kazi. Hazikuyumba. Tairi lilishuka shimoni, likapanda, katoni haikutikisika. Nilizitazama kwa furaha kiasi kwamba niliingia kwenye ndoo za yule mama, nikaomba radhi, nikaokota, nikaendelea.

Mama mdogo alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Akaangalia kamba, akaniangalia mimi.

"Umelivuta."

"Ulisema katoni ifike, mamdogo."

"Nilisema." Akainama, akafungua katoni kuona kama kuna iliyovunjika. Kulikuwa na nafasi ya mche mmoja. Ilikuwa ile ile katoni ya karibu niliyochomoa mche. "Mmoja uko wapi?"

Nikatoa mfukoni habu ya sabuni na kueleza yote mbele ya wateja, isipokuwa woga. Aliigeuza, akapitisha kidole kwenye tundu.

"Kwa hiyo katoni imefika pungufu."

"Si hiyo hapo, mamdogo? Nimekuja nayo."

"Imekuja mfukoni mwako. Mfuko wako ulikuwa wapi? Ulikuwa chini unatembea kwa miguu. Tulisema juu ya libao."

"Hapo kakushika," alisema mteja mmoja.

Akanirudishia. "Ipeleke stoo, kisha uilete. Mfukoni hivyohivyo, ila mfuko uwe juu ya libao." Halafu akasogea, akashusha sauti wateja wasisikie. "Tangu Pasaka unaogopa. Unafikiri sioni?"

Nilirudi stoo. Nilikagua habu zote nne nikiomba mojawapo ya zile beringi icheze hata kidogo. Hakuna iliyocheza. Nikasimama juu, nikabonyeza rimoti.

Nilikwenda kwa mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea. Mchukuzi yule yule alinipita na mzigo wake kamili. "Naona mmepatana," akasema. Nilianguka mara moja, kwenye ndoo zile zile, na nilipokuwa naanguka sikushika kichwa, nilishika mfuko. Yule mama alinisaidia kuinuka, kisha akazisogeza ndoo zake mbali zaidi na njia.

Nilifika dukani nikiwa juu ya ubao, goti linavuja damu. Mama mdogo akanyoosha mkono, nikampa sabuni. Akaitazama mara ya mwisho, akanirudishia pamoja na beseni la maji.

"Kona yako," akasema. "Kaoshe hilo goti."

Nilikaa kwenye ngazi ya duka nikajisafisha. Sabuni iliniwasha sana. Nilisugua kwa ukingo wa nje peke yake, polepole, ili tundu la beringi lisiharibike.