Sala ya Kufunga kwenye Shimo la Tisa

Wapendwa, leo nacheka, ila siku ile jasho lilijaa viatuni kama maji ndooni. Mimi, mhitimu wa shule ya jioni, nafanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari cha Wajapani hapa Columbus, Marekani, na usimamizi wa zamu nilikuwa nautaka kuliko chakula. Bosi wetu, Bwana Sato, aliponiuliza kama nacheza gofu, nikajibu, "Tangu utotoni!"

Shemeji yangu Elia, tunayefanya naye kazi, akanivuta shati. "Utotoni wapi, shemeji? Kambi ya wakimbizi Kigoma, na mpira wa matambara?"

Jumamosi nikajikuta kwenye klabu yao ya gofu. Shimo la kwanza nililima nyasi za kutosha kupanda mihogo. La pili, mpira ukafukuza bata. Kila nikikosea nasingizia bega, na Bwana Sato ananitazama tu, anaandika alama zangu. Nilihesabu mashimo kama mgonjwa anavyohesabu sindano. Baada ya la tisa, wote wakaingia mgahawani, wakaagiza tambi. Nikajua tumemaliza. Nimepona!

Sasa kwetu, mgeni haondoki bila shukrani. Nikavua viatu vya kukodi, nikasimama, nikawashukuru wenyeji, nikaomba sala ya kufunga iliyozunguka dunia mara mbili. Tambi zikapoa. "Amina," nikasema, nikainama.

Bwana Sato naye akainama. "Asante kwa sala. Tule upesi, bado mashimo tisa." Kisha akavisogeza vile viatu mpaka miguuni pangu. "Lakini huko utotoni kwako, gofu ilikuwa na mashimo mangapi?"