Mistari Tisa ya Kaka Mtu

Binti yangu ni mtunzaji wa lugha ya kompyuta. Shule mimi niliishia darasa la tatu, lakini hilo nimelielewa, na asiyelielewa asisingizie kuwa ni gumu: kompyuta haijui neno lolote mpaka mtu aiandikie maana yake. Lugha hiyo aliianza na kaka yake, kifungua mimba wangu, kwenye meza hii hii tunayolia chakula. Kaka mtu alifariki miaka sita iliyopita. Dada mtu akaendelea peke yake.

Maana ikichakaa haifutwi ovyo. Huwekewa onyo mwaka mzima ili wanaoitumia wahame, ndipo iondolewe. Kwa hilo binti yangu ni mkali, hana cha rafiki. Ila maana moja ya kaka yake, ya kugawanya hesabu, aliiongezea mwaka, akaiongezea na mwingine. Nilijua, nikanyamaza. Nilitaka ibaki.

Asubuhi moja akapata barua ya mhudumu wa tangi la maji la hospitali. Pampu yake aliiendesha kwa ile maana ya zamani ya kaka mtu, ambayo hutupa kila kinachobaki baada ya nukta, saba na nusu ikawa saba. Pampu ikajizima mapema, wodi ya wazazi ikashinda bila maji mpaka alipohamia maana mpya.

"Leo naifuta, mama."

"Humu ndani hufuti kitu."

"Kaka angekuwepo angeshaifuta."

"Usimsemee. Hata alipokuwa hai hamkuwahi kukubaliana, hata nani aoge kwanza."

Alicheka, kisha macho yakamjaa machozi. Nikamwambia anisomee kwanza, neno kwa neno. Ilikuwa mistari tisa. Juu yake kaka yake alikuwa amewaandikia wenzake: "Hii ni ya muda tu. Nitairekebisha kesho."

Mwanangu hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Nilimlea mimi.

"Futa," nikasema.

Akafuta. Kompyuta ikazijaribu programu zote zinazotegemea lugha ile, moja baada ya nyingine, na hakuna iliyolalamika. Kumbe baada ya hapo lazima kiandikwe kilichofanyika na jina la aliyekifanya. Akaanza kuandika jina lake.

"Ngoja kwanza. Nani aliahidi kuirekebisha?"

"Kaka."

"Basi mwandike yeye mbele, wewe ufuate. Ndiye mkubwa."