Mchuzi wa Shingo na Mabawa

Baba mkwe wangu alihudumu mezani katika hoteli moja ya Diani mpaka alipostaafu. Kila Krismasi aliwapelekea wageni bata mzinga na ule mchuzi wake mzito wa kahawia, kisha akarudi kwetu Msambweni sikukuu imeshakwisha. Mwaka juzi kiharusi kilimpata. Upande mmoja wa mdomo ulilegea, na nyama ikawa haitafuniki tena. Tukawa tunampa uji na supu, naye alikula kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kuwaudhi wenyeji.

Krismasi ilipokaribia, mama mkwe alimwuliza angependa kula nini. Alijibu polepole kwamba angependa kuuonja mchuzi wa hotelini. Mimi nikaona ni muhali. Bata mzinga tungempata wapi? Na hata tungempata, tanuri hatuna.

Mama mkwe hakubishana na mtu. Alikwenda Ukunda akarudi na mfuko wa shingo, mabawa na miguu ya kuku. Asubuhi ya sikukuu alivipanga ndani ya sufuria pana, akatia vitunguu maji na karoti, akafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko, kama apikaye mkate wa sinia. Alivigeuza mara mbili, mpaka vikawa rangi ya kahawia iliyoiva.

Alipovihamishia katika chungu cha maji vichemke taratibu, mimi niliichukua ile sufuria nikaisugue, kwa kuwa chini ilikuwa imeganda weusiweusi. Akanishika mkono.

"Iache, mwanangu. Mchuzi wenyewe ndio huo."

Akamimina maji ya moto kidogo, akakwangua kwa mwiko, na ule weusi ulioganda ukayeyuka wote, akaumimina chunguni. Harufu iliyopanda iliwatoa watoto uani. Baadaye alikaanga unga wa ngano katika mafuta ya kuku aliyoyaengua, akaongeza ile supu upawa kwa upawa, akikoroga bila kupumzika, hata donge moja lisionekane. Chumvi aliitia mwisho.

Nilimwuliza nani alimfundisha, maana najua hajapata kuingia jiko la hoteli. Aliniambia kuwa mumewe ndiye aliyemfundisha bila kujua. Kila aliporudi kutoka kazini alimsimulia walivyopika wapishi, naye alisikiliza. Mchuzi wenyewe hakuwahi kuuonja. Nilimtazama mama huyu, miaka yote ile ameweka moyoni mapishi ya chakula asichokijua ladha yake, nikajiona sijui kumsikiliza mtu.

Aliponda muhogo mpaka ukalainika, akaumwagia mchuzi, akamlisha mumewe kijiko cha kwanza. Mzee alifumba macho. Akameza. Kisha akasema, maneno yakimtoka kwa taabu:

"Niliubeba miaka yote. Leo nimeletewa mimi."

Alikichukua kijiko kwa mkono wake mzima akaendelea mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue. Mchuzi ulimtiririka kidevuni na hakuna aliyemfuta. Mama mkwe alisimama kando akimtazama, mwiko ungali mkononi, mpaka nilipomvutia kiti nikampakulia na yeye.