Vipande Chini ya Kitanda cha Anicet

Katika karakana nzima pale Jacobs, mtaa wa viwanda wa Durban, Anicet peke yake ndiye aliyewahi kuiona theluji kwa macho. Aliiona utotoni kule Mutwanga, Kongo, nyeupe juu ya milima ya Ruwenzori, mbali sana. Hakuwahi kuikanyaga. Lakini mwaka 1997, akiwa mkimbizi asiye na mke wala ndugu mjini Durban, alijikuta akitengeneza mbao za kutelezea juu yake, za kuuzwa Ulaya.

Kazi yake ilikuwa moyo wa ubao, ule unaofichwa katikati. Aliokota mabaki ya msonobari katika kiwanda jirani cha samani, ambayo yangechomwa moto, akayapasua vipande vyembamba na kuviunganisha kwa gundi. Bosi alifurahi kwamba hakuna mti mpya unaokatwa. Ila mbao kumi za kwanza zilirudishwa kutoka Ulaya, vipande vimeachana. Bosi akasema atampa nafasi moja tu. Ikishindikana, karakana itahamia plastiki, na seremala hatahitajika tena.

"Mkongo, gundi yako umeipika kwa unga wa ugali?" alimtania Omar, mpaka rangi mzaliwa wa Chatsworth.

"Gundi ni nzuri, kaka. Mbao ndiyo iko na maji. Hewa ya hapa inainywesha mchana na usiku. Ikifika kwenye baridi kavu, inajikunja."

"Sasa utaikaushia wapi? Eish, Durban yote ni bafu!"

Anicet alikuwa na chumba kimoja mtaa wa Berea, na hita ndogo. Akavibeba vipande kwa taxi, fungu baada ya fungu, akavipanga chini ya kitanda, juu ya kabati, hadi mlangoni. Februari yote alilala na hita inawaka na madirisha yamefungwa, akilowa jasho. Kila asubuhi baada ya sala alivigonga kimoja kimoja kwa kidole, akisikiliza. Kibichi hutoa sauti nzito. Kikavu hulia wazi. Hakukuwa na sauti nyingine chumbani.

Ubao mpya wa vipande vikavu ulilazwa wiki mbili ndani ya friza, kujaribiwa kwa baridi. Ulipotolewa, bosi aliuweka juu ya matofali mawili, akapanda katikati, akaruka. Ukapinda, ukalia kidogo, ukanyooka. Haukuachana popote.

"Sharp, Mkongo!" Omar alipiga kelele. "Umebaki kazini!"

Bosi akanunua kabati la kukaushia mbao. Jumamosi Omar alifika Berea na gari kuvichukua vipande vyote. Chumba kikaanza kuonekana kipana: kitanda, Biblia, hita, na ukuta.

"Na fungu hilo?" Omar aliuliza, akionyesha chini ya kitanda.

"Hilo acha, kaka. Bado halijakauka."

Lilikuwa limekauka tangu mwezi uliopita. Mungu amsamehe uongo ule; asubuhi baada ya sala angegonga nini? Mwaka uliofuata alifariki, na ndugu zake walipokuja kutoka Kongo kumzika, walilikuta palepale, limefungwa kwa kamba, halina hata vumbi.