Mawaridi ya Jangwani ya Mama Kokoto

Mtaa mzima unamwita dada yangu Mama Kokoto, na jina hilo kalipata kwa haki. Akikuta kokoto njiani haliachi. Uani kwake hakuna hata unyasi, kuna mawaridi ya jangwani tu, mimea yenye shina lililovimba chini kama chupa na maua mekundu juu. Ameyaotesha kwa mbegu kwenye makopo ya rangi na ndoo zilizopasuka: mchanga mwingi na kokoto zake, udongo wa kuonjesha tu. Kila akihamisha mmea huuinua kidogo, mzizi mnene uchungulie nje. Mchana alikuwa anadeki ngazi za ofisi za watu. Jioni, uani, ndipo alipokuwa mtu.

Mwenye gesti ya mtaa wa pili aliyaona, akasimama.

"Mama, nyasi zangu zinanimaliza kwa maji. Baridi ikiisha nayachukua haya yote, na wewe unakuja nayo. Utakuwa mtunza bustani wangu."

Tangu siku hiyo dada akawa analitazama dekio kama mtu anayeagana na mkwe mkorofi.

Kisha mama yetu akavunjika nyonga, dada akaenda kumuuguza. Akabaki shemeji, ambaye katika ndoa yote hajawahi kuondoa hata kikombe alichonywea.

"Mume wangu, nisikilize. Baridi hii majani yatapukutika. Hayafi, yamelala. Usiyape maji hata tone."

"Yaani nisifanye kitu?"

"Usifanye kitu. Hiyo kazi unaijua."

Tulicheka wote, na yeye akacheka.

Majani yakaanza kudondoka. Jirani akachungulia juu ya ukuta: "Bwana wee, mkeo hayupo na maua yanakufa kwa kiu! Akirudi utamwambia nini?" Hapo shemeji akashikwa na huruma, ugonjwa ambao hakuwahi kuugua. Akanyanyua ndoo, kila asubuhi. Majirani wakamsifu: mwanamume gani huyu, anamwagilia maua ya mkewe! Sifa zikampanda kichwani, akaongeza na jioni.

Dada aliporudi hata mzigo hakuutua. Alibonyeza shina la kwanza, kidole kikazama. La pili, kikazama. Harufu ikatoka mle kama ya viazi vilivyoozea kwenye gunia.

"Nilikwambia nini?"

"Niliona yanakufa, mke wangu. Nikasema safari hii na mimi nikusaidie."

"Miaka yote nakusubiri unisaidie, ukachagua hili?"

Shemeji akalia. Basi wanawake wa mtaa wakamzunguka shemeji, wakimbembeleza. "Mama Kokoto, una roho ngumu! Mume anakujali, unamgombeza kwa ajili ya maua?" Nikawaambia mchukueni, akamwagilie na kwenu. Hakuna aliyemtaka.

Mwenye gesti alikuja, akabonyeza naye, akafuta kidole kwenye suruali. Si mtu mbaya. Mimea akaichukua kwa mwanamke mwingine, na kazi ya bustani akampa huyo huyo. Dada akafutwa machozi kwa kazi ya kufua mashuka pale gesti, naye akaikubali, maana magoti yalishachoka na ngazi za watu.

Sasa anaanika mashuka huku akitazamana na bustani iliyopangwa na mkono wa mwenzake. Anayeongea ni shemeji, kijiweni, kakunja nne: "Mke wangu kapata kazi gesti. Yale maua ndiyo yaliyomfungulia njia. Nilimsaidia sana kuyatunza."